Nyeusi Isiyong'aa kwa Gari la Misuli: Lini Inafaa, Lini Ni Hasara

Mwenye Dodge Charger ya mwaka 1969 anapofika hatua ya kuchagua rangi, huwa ameshatumia fedha nyingi kwenye injini, breki na mabati, na mfuko umeanza kulegea. Hapo ndipo wazo la nyeusi isiyong'aa linapobisha hodi, likiwa na ahadi mbili: kwamba gari litakuwa na sura ya kutisha, na kwamba kazi itakuwa nyepesi na ya bei nafuu. Ahadi ya kwanza ni ya kweli. Ya pili ni ya uongo, na imeharibu mabodi mengi yaliyostahili kuishi miaka mingine hamsini.

Mabishano juu ya rangi hii kwa kawaida huishia kwenye sura. Mmoja anasema gari limependeza, mwingine anasema limeachwa nusu. Kazi iliyo chini ya rangi haiulizwi, na huko ndiko kwenye jibu. Nyeusi isiyong'aa inadai maandalizi makubwa kuliko rangi ya kung'aa, kwa sababu ikishakauka haikubali kurekebishwa. Anayelijua hilo tangu mwanzo anaweza kupata gari zuri ajabu. Asiyelijua anafunika kutu. Tutazame rangi hii imetoka wapi, inafanya kazi vipi, inapakwa kwa njia zipi, inatunzwaje, na ni magari gani yasiguswe nayo kabisa.

Ilianzia kwenye boneti

Wengi huhesabu zama za magari ya misuli kuanzia Pontiac GTO ya 1964: gari la ukubwa wa kati, la bei ambayo kijana mwenye kazi angeweza kuimudu, likapewa injini ya inchi za ujazo 389, yaani lita 6.4, iliyokuwa ya magari makubwa. Kilele kilifikiwa 1970, pale Chevrolet Chevelle SS yenye injini ya 454 LS6 ilipotangazwa na kiwanda kuwa na nguvu za farasi 450. Baada ya hapo bima zikapanda, Sheria ya Hewa Safi ya 1970 ikaanza kubana moshi, na mgogoro wa mafuta wa 1973 ukamaliza kilichobaki.

Ndani ya miaka hiyo michache, nyeusi isiyong'aa ilikuwa tayari ikitoka kiwandani, ila kwenye boneti tu. Ford Mustang Mach 1 ya 1969 ilipakwa nyeusi hiyo juu ya boneti. Katikati ya msimu huo huo, Dodge Super Bee na Plymouth Road Runner zilitolewa na injini ya 440 yenye kabureta tatu na boneti ya faibaglasi isiyo na bawaba, iliyoshikwa kwa pini nne na kuinuliwa yote kwa mikono. Boneti hiyo ilikuwa nyeusi, haing'ai, na magurudumu yalikuwa ya chuma cheusi bila vifuniko. Mwaka uliofuata Plymouth AAR 'Cuda na Dodge Challenger T/A, zilizobuniwa kwa ajili ya mashindano ya Trans-Am, zikaja na boneti nyeusi zisizong'aa pia.

Sababu yake ilikuwa ya dereva. Boneti ndefu iliyopakwa rangi ya kung'aa hurudisha jua moja kwa moja machoni mwa anayeendesha. Marubani walikuwa wamelijua tatizo hilo mapema, na ndege nyingi za vita za Marekani ambazo mabati yake yaliachwa bila rangi zilipakwa rangi isiyong'aa juu ya pua, mbele ya kioo. Waendesha magari ya mbio wakaichukua dawa hiyo hiyo. Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua hata kama hakuwahi kuitafakari: Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally ya 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, ilikuwa nyekundu yenye boneti nyeusi. Jua la saa tisa kwenye barabara ndefu za kwetu lina ukali ule ule wa jua la California.

Chimbuko la pili ni la mfukoni. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana wa kusini mwa California walinunua Ford kuukuu za miaka ya 1930, wakazipunguza uzito, wakaziongezea nguvu, na kwenda kuzikimbiza kwenye maziwa makavu kama El Mirage. Gari la namna hiyo lilikuwa halimaliziki. Leo linakatwa paa, mwezi ujao linabadilishwa injini. Hakukuwa na maana ya kulipia rangi ya mwisho, kwa hiyo likabaki na praima, ya kijivu, nyekundu ya matofali au nyeusi. Kizazi kilichofuata kiliiona praima ile ikawa alama ya mtu anayejenga gari lake mwenyewe, na kufikia miaka ya 1990 kulikuwa na wajenzi waliokuwa wakiitafuta kwa makusudi sura ya gari lisilokwisha.

Sinema ikamaliza kazi. Katika *Two-Lane Blacktop* ya 1971, iliyoongozwa na Monte Hellman, mhusika mkubwa kuliko waigizaji ni Chevrolet ya 1955 yenye praima ya kijivu. Katika *Death Proof* ya Quentin Tarantino, mwaka 2007, muuaji anaendesha Chevrolet Nova nyeusi isiyong'aa, na mtazamaji anajua kuna hatari kabla ya neno lolote kusemwa. Mwaka huo huo Lamborghini ilionyesha Reventón yenye rangi ya kijivu isiyong'aa, na muda si mrefu BMW na Mercedes-Benz nazo zikaanza kuuza rangi za aina hiyo kutoka kiwandani kwa bei ya juu. Kilichokuwa cha mtu asiye na hela ya rangi kikawa cha mtu mwenye hela ya ziada.

Asili hizi ni tatu na hazifanani. Boneti ya kiwandani ilikuwa rangi kamili, iliyokusudiwa. Praima ya vijana ilikuwa hatua ya katikati. Ile ya sinema ilikuwa vazi la mhusika, lililopaswa kudumu hadi mwisho wa kupiga picha. Makosa mengi yanazaliwa mtu anapotaka ya kwanza kwa gharama ya pili, kwa sababu ameiona ya tatu.

Mwanga unavyotawanyika

Tofauti ya nyeusi inayong'aa na isiyong'aa haiko kwenye weusi. Weusi wa zote mbili unatokana na kaboni nyeusi, masizi laini yanayopatikana kwa kuchoma mafuta au gesi kwa hewa pungufu. Tofauti iko juu kabisa, pale rangi inapokutana na hewa.

Uso wa klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi, hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga unaoupiga wima. Ukiwa laini kabisa, mwanga wote huo unarudi upande mmoja, na ndiyo maana tunauona mti, anga na uso wetu wenyewe kwenye mlango. Kwenye rangi isiyong'aa, kiwanda huchanganya chembe ndogo mno za silika. Rangi inapokauka hupungua unene, chembe zinabaki zimechomoza, na uso unakuwa na mikwaruzo isiyoonekana kwa macho. Mwanga unarudi kila upande, kama mpira uliorushwa juu ya kokoto.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitegemei: mchana, nyeusi isiyong'aa haionekani nyeusi sana kama ile inayong'aa. Mwanga uliotawanyika unalifikia jicho popote ulipo, na gari linaelekea kwenye kijivu cha mkaa. Jeshi la anga la Marekani lilikutana na hali hiyo wakati wa vita. Majaribio yalionyesha kuwa ndege nyeusi isiyong'aa ilionekana wazi ikimulikwa na taa za kurunzi kutoka ardhini, wakati nyeusi ya kung'aa iliurusha mwanga pembeni. Ndiyo maana P-61 Black Widow, ndege ya kuwinda usiku, ikaishia kupakwa nyeusi inayong'aa. Anayetaka weusi mzito, basi, hataupata kwenye mati, yaani rangi isiyong'aa. Anachokipata ni umbo lisilokuwa na taswira za vitu vingine juu yake.

Mng'ao hupimwa kwa kifaa kinachorusha mwanga kwa pembe maalumu na kupima unaorudi, na kioo cheusi cha kipimo kinapewa alama 100. Kwa pembe ya nyuzi 60, klia nzuri ya gari hupata alama 85 na zaidi, satini, ile inayong'aa nusu, huwa kati ya 20 na 40 hivi, na mati yenyewe iko chini ya 10. Kwa rangi za chini ya 10, wapimaji huhamia pembe ya nyuzi 85, karibu kulala na uso wenyewe, kwa sababu ukitazama kwa mlalo huo hata mati huanza kung'aa. Mwenye gari ataligundua hilo jioni, jua likiwa chini: akisimama nyuma ya gari na kutazama kuelekea mbele, ubavu uliokuwa kimya mchana kutwa utaonyesha kila wimbi lililoachwa kwenye bati.

Njia nne, na si zote ni rangi

Njia ya kwanza ni kuacha praima nyeusi iwe ndiyo rangi ya mwisho. Ndiyo ya bei ndogo, ndiyo inayoigwa zaidi, na ndiyo mbaya kuliko zote. Praima ya kujazia imejaa unga wa talki ili isuguliwe kwa urahisi, na ina vitundu vinavyopitisha maji. Mvua na umande vinapita, vinafika kwenye bati, na kutu inaanza chini kwa chini huku juu kukionekana kuzuri. Praima ya epoksi inaziba vizuri zaidi, lakini jua huivunja, ikaanza kutoa unga mweupe. Praima iliundwa ishike bati kwa chini na rangi kwa juu. Gari likipakwa praima tu na kulazwa nje, mwenye gari ananunua kutu kwa mkopo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta ni kukata na kuchomelea paneli nzima.

Njia ya pili ni rangi ya tabaka moja isiyong'aa, inayochanganywa na hadna, kemikali ya kuigandisha. Mafundi wengi wa magari ya kale huipenda kwa sababu inakaribia sura ya boneti za kiwandani za 1969. Inaziba bati sawasawa, haina tabaka jingine la kung'oka, na ina sura kavu ya kweli. Udhaifu wake ni kwamba rangi yenyewe iko juu, haina kinga. Mafuta ya mkono, petroli iliyomwagika na kinyesi cha ndege vinaigusa moja kwa moja.

Njia ya tatu ni rangi nyeusi ya kawaida chini, kisha klia isiyong'aa juu. Viwanda vinavyouza magari ya rangi isiyong'aa hufuata utaratibu huo. Inavumilia jua na kuoshwa kuliko nyingine, na kiwango cha mng'ao kinaweza kuchaguliwa kwa kuchanganya klia za viwango tofauti. Ni ghali zaidi, na inamtaka fundi aliyekwisha kuizoea. Kwa gari litakaloendeshwa kweli, hii ndiyo ninayoipendekeza.

Njia ya nne ni stika ya gari zima. Imeenea hata Nairobi na Dar es Salaam kwenye magari ya kisasa, na ina faida moja kubwa: inabanduka. Lakini inadumu miaka michache tu, hasa juu ya boneti na paa panapopigwa jua la utosi, na inahitaji rangi nzima iliyoshika vizuri chini yake. Ukiibandika juu ya rangi ya zamani iliyochoka, siku ya kuibandua itaondoka nayo. Tena stika hufuata kila kasoro ya bati. Haifichi chochote.

Bodi lipimwe kana kwamba litang'aa

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe, maana ndipo uamuzi unapopatia au kukosea.

Kuna imani kwamba mati huficha kasoro. Ni kweli nusu. Kwa kuwa haina taswira, wimbi dogo kwenye mlango halionekani mchana. Lakini tumeshaona kinachotokea jioni. Na kuna kasoro ambayo mati haisamehe hata kidogo, nayo ni ile inayoingia wakati wa kupuliza. Chembe ya vumbi ikitua kwenye klia ya kung'aa, fundi husubiri ikauke, akaisugua kwa msasa namba 2000 na maji, kisha akaipiga polishi, na hakuna atakayejua. Kwenye mati, msasa na polishi hulainisha uso, na uso ukilainika unang'aa. Panabaki doa. Njia pekee ni kuipaka paneli nzima upya.

Kwa hiyo kila kosa lazima lizuiwe kabla. Mabati ya magari haya yana miaka zaidi ya hamsini. Kwenye Charger, kutu hupenda kujificha chini ya kioo cha nyuma, kwenye sakafu ya buti na sehemu za chini za mbavu za nyuma, na zaidi pale gari lilipotoka kiwandani na paa lililofunikwa ngozi ya plastiki, maana maji yaliyopenya chini yake hayatoki. Rangi ya zamani iliyopasuka haifai kupakwa juu yake. Lazima bati livuliwe hadi chuma, likaguliwe, lichomelewe palipooza, kisha lifunikwe mapema kwa epoksi kabla hewa haijaanza kulila.

Baada ya puti na praima ya kujazia ndipo inapokuja hatua inayomtenganisha fundi na mpakaji. Mtazame kwenye ubavu wa nyuma wa Charger, paneli ndefu inayopanda na kushuka kama nyonga. Anapulizia vumbi jepesi la rangi nyeusi juu ya praima ya kijivu, kiasi cha kuitia madoa tu. Halafu anachukua ubao mrefu uliofungwa msasa, anausukuma kwa mshazari, kutoka juu kushuka, kisha upande wa pili. Palipoinuka, weusi unatoweka kwa mipigo michache. Palipobonyea, weusi unabaki. Hatumii vidole, maana vidole vinafuata bonde badala ya kulifuta. Anasugua, anapuliza tena, anasugua tena, mpaka weusi wote uondoke kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo afanye jambo ambalo wengi huliruka wakishajua gari halitang'aa. Amwagie paneli maji, au ailowanishe kwa dawa ya kuondolea mafuta, na kuitazama kabla haijakauka. Kwa sekunde hizo chache praima inang'aa, na taa ndefu za darini zinajichora juu yake. Mstari wa taa ukipita umenyooka kutoka mlangoni hadi kwenye taa za nyuma, bodi liko tayari. Mstari ukicheza, bado.

Kupuliza kwenyewe kuna masharti yake. Silika hutuama chini ya kopo, kwa hiyo klia isiyokorogwa vya kutosha hutoa mng'ao tofauti kila inapomiminwa. Rangi ya gari zima ichanganywe yote katika chombo kimoja, na paneli zote zipakwe kikao kimoja, zikiwa na joto moja. Tabaka la kwanza liachwe lipoteze thina yake kabisa kabla ya la pili. Bunduki ya rangi iende kwa mwendo mmoja na umbali mmoja, kila mpito ukifunika nusu ya uliotangulia, kwa sababu sehemu iliyopata rangi nyingi na iliyopata kidogo zitakauka na mng'ao tofauti, na gari litakuwa na michirizi kama ya ufagio. Fundi mwenye busara hupaka kwanza kipande cha bati cha majaribio, akakiacha kikauke kabisa, ndipo aguse gari.

Na afya yake ihesabiwe. Hadna za rangi hizi zina isosianeti, kemikali inayoweza kumpa mtu pumu ya kudumu. Mask ya karatasi haisaidii chochote, na hata ya mkaa haitoshi kutegemewa. Kinga inayoaminika ni ile inayomletea mpulizaji hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba. Mtu anayepaka gari lake mwenyewe kwenye gereji ya nyumbani, mlango ukiwa umefungwa ili vumbi lisiingie, anajihatarisha yeye na walio ndani ya nyumba.

Maisha baada ya rangi

Gari likishatoka kwa fundi, mwenyewe anaanza utaratibu mpya. Nta na polishi marufuku, maana vyote vinajaza au kulainisha mikwaruzo inayofanya rangi ising'ae. Mashine za kuoshea zenye brashi ni marufuku pia. Lioshwe kivulini, kwa sabuni laini isiyo na nta, kwa kitambaa safi kisichokwaruza, na likaushwe kwa kukandamiza taulo badala ya kusugua. Kinyesi cha ndege kiondolewe siku hiyo hiyo kwa kukilowanisha kwanza. Petroli ikidondoka pembeni mwa mdomo wa tangi, ifutwe kabla haijakauka.

Mkwaruzo ndio mtihani mkubwa. Kwenye boneti, mlango au madigadi ya mbele, paneli inafunguliwa kwa spana na kupakwa upya, ingawa kupata mng'ao unaolingana kabisa na wa jirani yake ni bahati na ufundi. Ubavu wa nyuma wa Charger umeungana na paa bila mstari unaoonekana, kiungo kikiwa kimefichwa chini ya risasi iliyoyeyushwa na rangi. Mkwaruzo wa ufunguo hapo unaweza kudai ubavu mzima, paa, na ubavu wa pili. Anayetaka rangi hii auweke uwezekano huo kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, na aandike jina la klia, kiwango cha mng'ao na uwiano wa mchanganyiko uliotumika.

Joto nalo lipo. Katika utafiti uliochapishwa 2011, watafiti wa Lawrence Berkeley National Laboratory waliegesha juani, mjini Sacramento, gari jeusi na la rangi ya fedha ya aina moja. Hewa ndani ya lile la fedha ilikuwa na joto pungufu kwa nyuzi 5 hadi 6 za Selsiasi, na paa lake lilikuwa na joto pungufu kwa hadi nyuzi 25. Kuondoa mng'ao hakubadilishi sana hesabu hiyo, kwa sababu weusi ndio unaomeza jua. Magari mengi ya misuli hayakutoka na kiyoyozi, na anayeishi Arizona au Texas ataisikia tofauti mgongoni.

Umbo lipi linaipokea

Si kila gari linapendeza ndani ya rangi hii. Rangi ya kung'aa humwonyesha mtazamaji umbo kwa mstari wa upeo wa macho unaotembea juu ya bati. Mati humwonyesha umbo kwa kivuli na kwa ukingo. Kwa hiyo magari yenye nyonga pana na mikunjo mikubwa hufaidika. Chevelle ya 1970, yenye mabega mazito juu ya magurudumu ya nyuma, inakuwa nzito zaidi. 'Cuda ya 1970, fupi na pana, inaonekana imechongwa kutoka kipande kimoja. Kromu iliyobaki, bampa mbili na fremu za vioo, inawaka zaidi kwa kuwa hakuna kinachoshindana nayo.

Charger ya 1968 hadi 1970 ni kesi ngumu. Kiuno chake chembamba na nyonga zake hubaki na nguvu, na grili yake inayoficha taa inazidi kuogofya. Lakini mabonde mawili yaliyochongwa mwanzoni mwa kila mlango wa 1968 na 1969, na yale ya juu ya boneti, yalibuniwa yachezewe na mwanga. Ndani ya mati kamili hupotea. Kwa gari hilo ningeshuka kwenye satini ya alama 20 hadi 30, iliyobakiza mng'ao wa kutosha kuyaonyesha mabonde. Na anayetafuta Charger ya kutisha akumbuke ile ya *Bullitt*, sinema ya 1968: ilikuwa nyeusi inayong'aa, na hakuna aliyeiona dhaifu.

Kuna pia njia ya katikati, ambayo kwangu ndiyo ya heshima kuliko zote kwa magari haya: kung'aa mwili mzima, na nyeusi isiyong'aa juu ya boneti, pale ilipowekwa na waliolitengeneza. Kasoro ikitokea, paneli ni moja, inafunguliwa na kupakwa upya.

Gari lisiloguswa

Limebaki suala la thamani, na hapa sina nafasi ya kulegeza. Rangi ya asili ya kiwandani huwa mara moja tu katika maisha ya gari. Chrysler ilipiga namba ya rangi kwenye kibati kidogo ndani ya chumba cha injini, na kwa kibati hicho mtu wa leo anaweza kujua kama Challenger ya 1970 ilizaliwa ya zambarau iliyoitwa Plum Crazy, au ya kijani iliyoitwa Sublime. Rangi hizo ni sehemu ya historia ya viwanda vya Marekani. Zinasimulia mwaka ambao mtu wa kawaida aliweza kuingia dukani na kutoka na gari la zambarau lenye nguvu za gari la mbio.

Soko nalo linalijua hilo. Mwaka 2014 Plymouth Hemi 'Cuda ya 1971 yenye paa la kukunja iliuzwa kwa mnada Seattle kwa dola milioni 3.5. Aina hiyo haikufika hata magari 15. Hakuna anayefikiria kulipaka mati gari la namna hiyo, lakini kosa lile lile hufanywa kwa magari ya daraja la chini yake: Road Runner yenye injini yake ya kuzaliwa na rangi iliyochakaa lakini ya asili, ikavuliwa mwishoni mwa juma moja ili ifanane na gari la kwenye sinema. Hasara hiyo hairudi. Rangi iliyofifia inaweza kusafishwa na kuhifadhiwa. Iliyovuliwa imekwenda.

Lakini yapo magari mengi zaidi yasiyokuwa na cha kupoteza. Charger za 1969 zilitengenezwa kwa makumi ya maelfu, nyingi zikiwa na injini za kawaida. Gari ambalo injini yake ya asili ilitupwa miaka ya 1980, lililobadilishwa ubavu mmoja kwa bati jipya, lililopakwa rangi mara nne tangu lizaliwe, halina historia ya rangi ya kulindwa. Lina jambo jingine la kulindwa, nalo ni kuendeshwa. Kwa gari hilo nyeusi isiyong'aa ni chaguo halali, lenye mizizi katika kiwanda na katika gereji za California.

Hukumu yangu, basi, inakwenda kwa mpangilio huu. Anza na kibati cha rangi na injini. Kama gari bado ni la asili, funga kopo na utafute fundi wa kuhifadhi. Kama si la asili, peleka bajeti kwenye bati na ubao wa msasa kabla ya kuuliza bei ya rangi. Lowanisha kila paneli na kusoma mstari wa taa. Chagua klia isiyong'aa juu ya rangi nyeusi, kwa kiwango kinacholifaa umbo la gari lako, na weka akiba ya fedha kwa paneli ya kwanza itakayokwaruzwa. Bodi ambalo ungeona aibu kulipaka rangi ya kung'aa bado halijafikia kupakwa mati, na fundi anayekuambia vinginevyo anataka kumaliza kazi mapema kwa gharama ya gari lako.